Zadock Mwakio, Aliyekwenda Petra Peke Yake

Marehemu Zadock Mwakio alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Mgange, Taita, akiwa kitinda mimba wa Mzee Yekoniya Mwakio na Mama Serah. Dada yake Annah, anayewasomea wasifu huu, ndiye aliyemlea mgongoni, na kwa hiyo alijipa haki ya kumgombeza maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari Wundanyi, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1990. Hesabu ilimshinda kabisa, tusidanganyane msibani. Lakini historia aliimeza. Ulipomtuma maji mtoni, alirudi na ndoo nusu na habari za wafalme wa Misri.

Tarehe 12 Desemba 1998 alimwoa Wakesho, wakajaliwa binti mmoja, Mkamburi. Mwaka 2009 alikwenda Dubai, akafanya kazi ya kufungasha mizigo katika ghala la kampuni moja pale Dubai Airport Freezone. Ijumaa, siku ya mapumziko huko, aliabudu kanisani mtaa wa Oud Metha. Mara nyingine alipanda basi mpaka Hatta kutazama milima tu, kisha akarudi.

Wakesho alifariki tarehe 3 Agosti 2013. Pasipoti ya Zadock ilikuwa imefungiwa kwa mwajiri, na alipokabidhiwa, mazishi yalikuwa yamepita siku nne. Kwetu mume ndiye hutia udongo wa kwanza. Annah alimpigia simu akamwuliza, “Mwanamume gani asiyemtilia mkewe udongo?” Naye akajibu taratibu, “Khalas, basi dada. Nimesikia.” Tangu siku hiyo hakukanyaga nyumbani.

Februari 2016 aliiambia familia kwamba amenyimwa likizo. Wiki mbili baadaye picha yake ikaonekana kwenye simu zetu: Zadock na koti la kuazima, peke yake, mbele ya mji wa Petra, Jordan, uliokuwa mji mkuu wa Wanabatea zamani hizo. Kumbe likizo alipata! Ukoo mzima ulisema, na Annah alisema kuwashinda wote. Alimwandikia: “Endelea na magofu yako. Sisi tulio hai hatukupendezi.”

Yaliyotokea huko tumeyajua juzi tu, kutoka kwa Lawrence, aliyekaa naye chumba kimoja Al Qusais, Dubai, miaka saba na aliyeusindikiza mwili. Zadock alimsimulia kwamba alipita kwenye ule mwanya mwembamba wa miamba akidhani ataona kasri la mfalme. Aliambiwa kwamba sehemu kubwa ya alichokuwa akikitazama ni makaburi. Watalii walikuwa wawili wawili, wakipigana picha. Yeye alimpa simu mgeni yeyote aliyepita karibu, ampige picha. Alipanda ngazi zaidi ya mia nane hadi juu, akaketi penye mama mmoja auzaye chai, akamwambia kwa Kiarabu chake cha ghalani, “Mke wangu amekufa, sikumzika.” Yule mama hakumwuliza kwa nini. Alimmiminia chai, akaketi karibu naye, na Zadock akalia kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2013.

“Aliniambia, ‘Lawrence, nimewatembelea wafu wa watu, wangu nawaogopa,’” Lawrence alimwambia Annah. “Alikuwa haogopi kaburi, mama. Alikuogopa wewe.”

Mwaka 2017 aligunduliwa ana shinikizo la damu. Vidonge alivimeza alipokumbuka. Aprili 2018 aliomba likizo ya kuja nyumbani, tena safari hii bila kumwambia mtu, akakata tiketi ya tarehe 20 Mei. Alianguka ghalani tarehe 9 Mei saa nne asubuhi, na alifariki kabla ya kufika hospitali.

Ameacha binti yake Mkamburi, mjukuu mmoja, dada yake Annah na kaka zake wawili. Ameacha pia rafiki yake Lawrence, ambaye leo ataketi na familia.

Zadock analazwa kando ya Wakesho. Kabla ya kumfukia, Annah anawaomba msubiri kidogo. Atachukua udongo mkononi, autie kwanza juu ya kaburi la Wakesho kwa niaba ya mumewe, kisha amwombe ndugu yake msamaha mbele yenu, kwa sababu faraghani amechelewa. Mungu awapumzishe wote wawili.