Imla za Mwalimu Pask

Mheshimiwa Mwenyekiti wa umoja wetu, Mzee Ussi. Mwalimu wetu Wilfred Pask, tunayemuaga leo. Dada yake, Bi Edith, aliyetoka Uingereza kuja kumchukua. Wafanyabiashara wenzangu wa Bara na Visiwani: nakusalimuni kwa heshima zote.

Mimi Mwanakhamis, muuza mikoba, nimeombwa niseme machache, na mnanijua, machache yangu huwa marefu. Bi Edith, Kissa hapo kando anakutafsiria; ukiona unacheka peke yako, ujue ametia chumvi. Mwalimu hahitaji tafsiri, alifundisha Newala miaka tisa kabla ya kuja Guangzhou.

Ni nani humu aliyesoma Kiingereza kwa Mwalimu asiyeijua Ashenwick? Miaka kumi na mmoja, kila Jumapili, alitusomea imla kutoka kichwani mwake, na imla zote zilikuwa habari za kijiji alichozaliwa. Wenzetu hujifunza kwa barua za biashara. Sisi tulijifunza kwa kinu cha kusagia ngano, kwa mafuriko yaliyoondoka na daraja, kwa vijana tisa waliokwenda vitani wakarudi wanne. Mwulizeni Murshid shule ya Ashenwick ilifungwa ikiwa na watoto wangapi. Atakwambieni saba, na majina yao. Siku moja kwenye soko la Liuhua alimwambia laobani, mwenye duka la viatu, kwamba viatu vyake visingevuka hata matope ya Ashenwick, na yule bwana, asijue ni wapi huko, akapunguza bei.

Mwalimu, niwie radhi kwa nitakalosema. Mwezi wa tatu ulikuwa ukitaja majirani wa mama yako, ukakwama. Ukatuuliza taratibu, "Nilikuwa nawaambieni habari za wapi?" Mimi nilitoka nikalia ngazini, sioni haya kusema. Daktari alishatwambia kwamba maradhi haya hayarudishi yalichochukua. Na wewe historia ile hukuiandika popote.

Lakini sisi tuliiandika. Didas alizunguka kukusanya madaftari. Moja lilitolewa kwenye kontena kule bandari ya Nansha, milango ikiwa karibu kufungwa. Benedicta akayapanga kwa miaka ya kijiji, tukayatoa kopi ya rangi, na fundi wa mikoba wa mji wa Shiling akayajalidi kwa ngozi. Makosa yetu tumeyaacha, pamoja na wino wako mwekundu. Kurasa za Murshid karibu zote ni nyekundu.

Bi Edith, pokea. Siku atakapokuuliza, akiwa ndani ya kijiji chenyewe, hapa ni wapi, usibishane naye. Mkalishe, ufungue ukurasa wa kwanza, umsomee polepole kama alivyotusomea sisi: "Nyumba yetu ni ya tatu kutoka kanisani. Mlango wake ni wa kijani, na mchana haufungwi."

Nawe Mwalimu wetu, ukisikia hayo, ingia bila wasiwasi. Hapo ni kwenu.

Nakushukuruni nyote kwa utulivu wenu. Ahsanteni.