Dada wa Nyundo

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali manne, umeegemea kibanda changu cha kushona viatu. Kila asubuhi tunakuwa walewale: Waziri, ambaye hajawahi kuongoza hata kikundi cha watu watatu lakini akifungua mdomo utadhani anahutubia taifa, Antena, kinyozi asiyepitwa na habari, Shangazi mwenye birika la kahawa, na mimi fundi viatu. Siku hiyo habari ilikuwa moja. Jana yake mchana polisi walivamia ukuta wa kiwanda kilichofungwa, wanapokaa vijana wanaojiita Wana wa Ukuta, wakazoa kumi na mmoja. Kiongozi wao, Nyundo, hawakumpata.

— Kumi na mmoja tu? Waziri alisema, akipuliza kikombe. Ningekuwa mimi ningezoa mtaa mzima, halafu nikachambua baadaye kama mchele.

— Na wewe ungekuwemo, nikamwambia.

— Mimi nina sura ya kuachiwa.

— Mmoja wao alikuwa ametoka kununua mkate, alisema Antena. Wamempandisha garini na mkate wake mkononi.

— Mkate wa nini saa nane mchana? Hiyo ilikuwa ishara.

— Ishara ya njaa, alisema Shangazi.

Antena akasogea, ubao ukalia.

— Mimi nawanyoa, nawajua. Tatizo ni nywele. Kijana akishataka achorwe radi kichwani, huyo keshajiunga.

— Na unamchora? nikamuuliza.

— Sasa wateja nitawatoa wapi?

— Nywele ni matokeo, Waziri akamkata. Chanzo ni mnara wa simu. Kabla haujajengwa, nani aliporwa mtaa huu? Yale mawimbi yanapiga ubongo wa mtu chini ya miaka ishirini na tano. Sisi fuvu limeshakomaa.

— Lako limepitiliza, alisema Shangazi, akatua birika kwa kishindo. Mwanangu ameomba kazi sehemu saba. Kote wanamchekea vizuri mpaka wafike kwenye swali la anaishi wapi. Akiutaja mtaa huu tu, kalamu inafunikwa. Huo nao ni mnara?

— Shangazi, usituletee mambo binafsi kwenye mjadala mzito.

Shangazi akasonya, akavuka barabara kumpelekea kahawa fundi baiskeli. Hapo Antena akashusha sauti.

— Na dada yake Nyundo je? Kila siku saa kumi na mbili asubuhi huyo anatoka na begi zito. Mna nini mle?

— Silaha za kaka yake, Waziri akajibu bila hata kufikiri.

— Tena nasikia mle ndani mna glavu.

— Unaona? Glavu za nini, kama si kuficha alama za vidole? Huyo ndiye kichwa chenyewe. Nyundo ni mpini tu!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mkanda wa begi lile niliushona mimi mwenyewe. Ndani nilikuta kinyago cha kuchomelea vyuma, glavu, na cheti cha chuo cha ufundi kilichofungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni. Nikafungua mdomo niseme. Nikaona wanavyocheka, nikaufunga.

Ndipo akaja mtu mgeni, wa makamo, karatasi mkononi, ovaroli yake imejaa vitundu vya cheche.

— Hamjambo hapa? Mimi ni msimamizi wa karakana ya milango na madirisha. Kuna binti wa mtaa huu ameomba kazi kwetu. Kwenye majaribio amewapita wanaume wote. Ila mwenye karakana amesikia ni dada wa mtu anaitwa Nyundo, akanituma nije kuuliza kwanza. Mnamfahamu?

— Tunamfahamu sana! wenzangu wakajibu kwa pamoja.

— Vizuri. Basi niambieni, amewahi kufanya kosa gani?

Waziri akachungulia ndani ya kikombe chake kama amedondosha kitu.

— Kosa... unajua, bwana, kosa ni neno pana.

— Nipe jembamba basi. Moja tu.

Antena akaanza kukwangua kucha. Mimi nikainamia kiatu kilichokuwa mapajani. Yule mtu akatutazama mmoja mmoja, kisha akatikisa kichwa taratibu.

— Nimeelewa. Mnamwogopa kaka yake, hamwezi kusema.

Akakunja karatasi yake, akaaga, akaondoka.

Shangazi aliporudi akauliza:

— Yule alitaka nini?

Nikamweleza.

— Na mkamjibu nini?

Nikakiacha kiatu chini, sindano ikining'inia, nikatoka mbio. Nilimpata kwenye kona, mbele ya duka la vipuri, pumzi zimenikatika.

— Bwana! Yule binti hajafanya kosa lolote. Namjua tangu anabebwa mgongoni. Lile begi analotoka nalo kutafuta kazi, mkanda wake nimeushona mimi.

Akasimama, akanigeukia.

— Basi pale mbona hukusema?

Akaikunjua tena karatasi yake.

— Jumatatu saa moja asubuhi aje, alisema. Na wewe uje naye. Maneno hayo ukayaseme mbele ya mwenye karakana, siyo kuninong'oneza mimi kwenye kona.

— Nitakuja.

Niliporudi nikamweleza Shangazi habari ya Jumatatu. Waziri alikuwa keshapata nguvu, anamweleza Antena kuwa yule hakuwa fundi hata kidogo, ni mpelelezi, ovaroli ile ameazima. Akanyoosha kikombe bila kugeuka.

— Shangazi, ongeza.

— Kahawa imekwisha.

Akalinyanyua birika kwa mikono miwili. Lilikuwa zito, likimwaga matone kila hatua, naye hakutazama nyuma. Alishika uchochoro wa kwenda kwa mama yake yule binti, kumpelekea habari ya Jumatatu.