Mzee Mgaya na Wavulana Arobaini na Saba wa Chimbenga
Na Sabra Hemedi, Karani wa Takwimu

Miaka thelathini na minne, miezi mitatu na siku kumi na mbili. Huo ndio utumishi wa Bwana Gideoni Mgaya, Mtakwimu wa Halmashauri yetu, aliyestaafu Juni 30, 2025. Hesabu ni yake mwenyewe. Ofisi ya utumishi ilikuwa na siku kumi na moja, lakini baada ya kubishana naye wiki mbili kama siku ya kuripoti kazini nayo ni siku ya kazi, ilisalimu amri.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja kwa miaka kumi na tisa, na kwa sababu wengine watatu walioombwa kabla yangu walipata dharura. Nimeelekezwa niwe mchangamfu na nisiguse mambo ya mwaka 2009. La kwanza nitajitahidi.

Mzee Mgaya alizaliwa Njombe, ambako watu hulala na mablanketi mawili, akaripoti Mtwara Machi 1991 akiwa amevaa sweta. Tunaambiwa sweta hilo alilivulia stendi na hajalivaa tena. Alipanga chumba mtaa wa Rahaleo, mjini Mtwara, akaomba uhamisho mwaka wa kwanza, akaomba tena mwaka wa pili, na mwaka wa tatu akamwoa Sabina, mwalimu kutoka Songea ambaye naye alikuwa anaomba uhamisho. Barua zao zilijibiwa kwa pamoja mwaka 2004. Wakati huo walishahamia mtaa wa Shangani na watoto wao watatu walijua Kimakonde kuliko Kibena cha baba yao.

Kazi yake ilikuwa kujua tuko wangapi: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamia, nani kahama. Inaonekana kazi rahisi kwa mtu ambaye hajawahi kumuuliza bibi wa Kitaya ana watoto wangapi, akajibiwa kwa kuulizwa watoto wake yeye wako wapi. Alizunguka vijiji vyote kwa baiskeli, kisha kwa pikipiki, kisha, gari la idara lilipopatikana, kwa pikipiki vilevile, maana gari lilikuwa na shughuli nyingine.

Hakuweza kukaa mahali bila kuhesabu. Kwenye semina moja aliinuka kutoa taarifa kwamba walioko ukumbini ni ishirini na watatu na waliosaini mahudhurio ni arobaini na mmoja, akauliza kwa nia njema kabisa kama kuna ukumbi wa pili. Tangu siku hiyo karatasi ya mahudhurio ilimfikia yeye wa kwanza, ikaondolewa haraka.

Mafanikio yake makubwa ya kwanza ndiyo yaliyomponza. Zamani daftari la wakazi lilihuishwa Oktoba, wakati nusu ya kijiji iko mashambani inaokota korosho na nyumba zinalindwa na kuku. Mzee Mgaya alipendekeza kazi hiyo ihamishiwe wiki ya tatu ya Desemba, korosho zikiwa zimekwisha na watu wamerudi. Pendekezo likapita, akapewa cheti. Kwa mwaka mmoja kila kitu kilikwenda sawa.

Desemba 2008 tulifika Chimbenga. Kwa wasiokijua, ni kijiji cha mihogo na mikorosho, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki kutoka ofisini, na shule yake ya msingi ina madarasa saba yaliyojengwa na wazazi wenyewe kwa tofali za kuchoma. Tulipita nyumba kwa nyumba tukiuliza swali lililochapwa kwenye fomu: nani walilala hapa usiku wa kuamkia leo? Akina mama walijibu bila kusita. Tulipojumlisha, watoto wa umri wa shule walikuwa mia moja na wanne. Mwaka uliotangulia walikuwa mia moja hamsini na mmoja.

Mtu mwingine angeshtuka. Mzee Mgaya alifurahi, kama mtaalamu anavyofurahi akipata jambo la kueleza. Aliandika kurasa nne kuhusu kaya changa kuhamia mjini, kupungua kwa uzazi na mvuto wa Mtwara kwa vijana wa vijijini. Zilikuwa kurasa nzuri mno. Taarifa ilisifiwa hadi mkoani, ikanakiliwa kwenye mpango wa maendeleo, na kikao cha Machi 2009 kikaamua kwamba shule yenye watoto wachache namna hiyo haina sababu ya kuwepo. Kuanzia Julai watoto wa Chimbenga wangesoma Nang'oma, kilomita kumi na moja, ng'ambo ya bonde ambalo masika hujaa maji hadi kifuani mwa mtu mzima.

Mei tulikwenda tena Chimbenga kwa shughuli nyingine. Ilikuwa mapumziko ya saa nne. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa wavulana. Mzee Mgaya aliegesha pikipiki, akaanza kuhesabu kwa kidole, akarudia, kisha akamwita mmoja na kumuuliza jina. Halikuwemo kwenye daftari. Akamwita wa pili, wa tatu. Hakuna hata mmoja aliyekuwemo. Ofisini wazo la kwanza lilikuwa kwamba wamevuka mto kutoka Msumbiji, na mkubwa mmoja akashauri uhamiaji waarifiwe.

Aliyetutegulia kitendawili ni Bi Mwanahamisi, mwenyekiti wa kamati ya shule wakati huo, mama wa watoto sita na mkulima ambaye hakuwa na muda wa kupoteza. Alitueleza kwamba Desemba ile kijiji kilicheza jando la kwanza baada ya miaka minne, kwa hiyo wavulana walikuwa wengi. Mtoto akiwa jandoni mama yake hamtaji jina wala hamweki kwenye hesabu ya nyumba, mpaka atoke, na akitoka ana jina jipya. Mambo yake yote yako mikononi mwa mjomba. Mzee Mgaya, ambaye alikuwa ameishi nasi miaka kumi na minane na kula pilau za jando zisizo na idadi, alimuuliza kwa nini akina mama hawakumwambia.

"Uliuliza waliolala nyumbani," alisema Bi Mwanahamisi. "Hawakulala nyumbani."

Wavulana arobaini na saba. Nyumba zao zilikuwa palepale na mama zao walituandalia chai. Sisi tuliwageuza kuwa wahamiaji wa mjini kwa sababu ya tarehe iliyompatia cheti. Niongeze, kwa kuwa nimeshakaidi maelekezo, kwamba idadi halisi ya wanafunzi ilikuwepo muda wote ofisi ya elimu, chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao uliopitisha hata kikohozi. Hakuna aliyeuliza na hakuna aliyeulizwa.

Ushauri aliopewa ulikuwa wa kiungwana. Taarifa imeshasifiwa, asiiaibishe. Mwakani aandike kwamba watoto wameongezeka arobaini na saba, na kila mtu atafurahi kusikia maendeleo. Kasoro pekee ya ushauri huo ni kwamba Julai ingefika kabla ya mwakani. Mzee Mgaya aliandika ukurasa mmoja unaoanza na neno "Nilikosea", akachapa nakala sitini, na siku mbili mimi na yeye tulizunguka ofisi zote tukiubandika ndani ya kila nakala ya taarifa kwa gundi ya unga wa muhogo. Baadhi ya wakubwa waliubandua. Tulirudi tukaubandika tena.

Shule ya Chimbenga haikufungwa. Mzee Mgaya alipewa barua ya onyo kwa kuchafua waraka wa serikali, na nafasi ya mkuu wa idara, ambayo ilikuwa inamsubiri, ikaenda kwa mtu asiyekosea kwa sababu hatoki ofisini. Alibaki cheo kilekile kwa miaka kumi na sita iliyofuata. Iliniuma, na bado inaniuma. Yeye alichofanya ni kuongeza swali la saba kwenye fomu yetu, ambalo hadi leo huwashangaza vijana wanaoletwa kutoka mikoa mingine: "Kuna aliyeko jandoni? (Aulizwe mjomba.)"

Sasa nifike kwenye taarifa yake ya mwisho. Zile kurasa nne za mwaka 2008, zilizokuwa za uongo siku alipoziandika, zimekuwa za kweli polepole bila mtu kuzigusa. Gesi ya Mtwara ilipovuma vijana walikwenda mjini, ilipotulia wakapitiliza hadi Dar es Salaam. Wanawake waliozaa saba wana mabinti waliozaa wawili. Desemba iliyopita Mzee Mgaya alihesabu Chimbenga mara tatu. Jando halikuwepo, lakini aliwauliza wajomba hivyohivyo, na kwa kuwa wajomba wengi nao wako Dar, aliwapigia simu. Watoto wa umri wa shule walikuwa hamsini na wanane. Chini ya sabini, kwa utaratibu wetu wa sasa, shule hushushwa kuwa shule shikizi, mwisho darasa la tatu, na wakubwa huenda Nang'oma.

Watu wa Chimbenga walituma ujumbe ofisini. Msemaji wao alikuwa Shafii, mmoja wa wale arobaini na saba, sasa baba wa mtoto mmoja, mwenye bodaboda yake. Alimwambia kwamba mwaka ule aliwapunguza kwa bahati mbaya, basi mwaka huu awaongeze kwa bahati nzuri, hata kumi na wawili tu, nani atajua. Nilimwona Mzee Mgaya akiishika kalamu, na nakiri nilitamani aandike. Alimuuliza Shafii mtoto wake anasoma wapi. Shafii akasema Rahaleo, kule shule ni nzuri zaidi. Mzee Mgaya akaandika hamsini na nane.

Barua ya kushushwa shule ingepelekwa na tarishi. Aliikataa hiyo njia. Mei mwaka huu, ikiwa safari yake ya mwisho ya kikazi, alikwenda kuisoma mwenyewe mbele ya wanakijiji, ndani ya darasa la sita ambalo Januari litafungwa. Alisoma idadi, akasema safari hii hakukosea, na kwamba angetoa mengi ili awe amekosea. Wengine walinung'unika, wengine walitoka. Bi Mwanahamisi, ambaye sasa anatembea kwa fimbo na watoto wake wote sita wako mbali, alibaki kwenye dawati.

"Mwaka ule ulitufuta kwa makosa, ukarudi kutuandika," alimwambia. "Safari hii umetufuta kwa haki na umekuja mwenyewe. Wanaotuhama sisi huwa hawatuagi."

Alhamisi kabla ya kustaafu, Mzee Mgaya alijaza fomu ya wanaohama na kuiweka mezani kwangu: kaya moja, watu wawili, waendako Njombe. Akaniaga mimi, akamuaga mlinzi, akaingia kila chumba, hata vile ambamo zamani walibandua ukurasa wake.

Mzee wetu, asante kwa kututaja kama tulivyo, tulipopendeza na tulipopungua. Wewe na Mwalimu Sabina muishi miaka mingi yenye afya, huko kwenye mablanketi. Fomu yenu nimeipokea na imejazwa vizuri, hakuna kosa hata moja. Leo ni wiki ya tatu, na muhuri wa kuwaondoa daftarini sijaugonga.