Bi. Bronisława Kulpa na Jina la Arobaini na Mbili

Tunayemsindikiza leo ni Bi. Bronisława Kulpa, ambaye mtaa mzima wa Greenpoint ulimwita Bronia. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1931, Mtaa wa Java, Brooklyn, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Ignacy na Marcjanna Grabiec, wahamiaji kutoka Polandi. Baba yake alikuwa kibarua wa kiwanda cha sukari, na mama yake alisafisha ofisi za mabenki ng'ambo ya mto.

Alisoma shule ya parokia, kisha sekondari ya wasichana hadi Juni 1949. Lakini Kiingereza chake hasa alikipata jikoni. Mama yake alirudi na magazeti yaliyotupwa maofisini, na Bronia akamsomea kwa sauti huku mama akikanda unga wa pierogi, vitumbua vya Kipolandi vya kuchemsha.

Mwaka 1950 aliajiriwa na kiwanda cha uchapaji Mtaa wa Hudson, Manhattan, akawa msoma prufu, yaani msahihishaji wa nakala kabla hazijachapwa, kwa miaka thelathini na minne. Kazi yake ilikuwa matangazo ya hisa na hati za mikopo yanayotoka magazetini: fremu nyeusi, hakuna picha, hakuna maneno matamu. Juu huandikwa kwamba tangazo hili si ombi la kuuza wala kununua. Katikati jina la kampuni. Chini majina ya mabenki na madalali walioshirikiana kuuza, wakubwa juu, wadogo mkiani. Mafundi waliyaita mawe ya kaburi. Hakuna tangazo lililokwenda mtamboni bila saini ya msoma prufu.

Tarehe 6 Oktoba 1956 aliolewa na Tadeusz Kulpa, fundi wa kuchomelea vyuma. Tadeusz alimposa kwa barua. Bronia aliirudisha ikiwa na makosa saba yaliyozungushiwa wino mwekundu, na chini yake neno moja: "Ndiyo." Walijaliwa binti, Halina, na mwana, Wiktor, aliyetangulia mbele ya haki akiwa na miaka miwili. Bronia hakupenda kuulizwa habari zake, ila kila tarehe 3 Februari hakwenda kazini.

Jumanne, tarehe 9 Novemba 1971, saa kumi jioni, aliletewa tangazo la kampuni moja ya maji. Mkataba wa mauzo ya hisa zake ulikuwa na majina arobaini na mawili. Tangazo lilikuwa na arobaini na moja. Lililokosekana ni Tisdale na Wenzake, nyumba ndogo ya udalali ya Wamarekani Weusi wa Harlem, ambao ndiyo kwanza walikuwa wameshirikishwa. Mjumbe wa benki iliyoongoza mauzo hayo alikuwa amesimama pale na koti mkononi.

"Nafasi haikutosha, mama," alisema. "Tia saini, gazeti linasubiri."

"Nafasi ipo. Nimeipima kwa rula."

Bosi wake akamvuta pembeni. "Bronia, usiniharibie mteja. Ni jina moja tu, tena la mwisho!"

"Basi toa la kwanza tuone kama watanyamaza."

"Utafukuzwa, unasikia?"

"Nasikia, bosi. Na saini sitii."

Akaweka kalamu mezani, akaketi. Tadeusz wakati huo alikuwa hana kazi mwezi wa tatu. Hatimaye bosi akawapigia simu mawakili, nao wakasema jina hilo lazima liwemo. Likapangwa, akasaini. Asubuhi yake aliondolewa kwenye matangazo, akapelekwa kusoma vitabu vya namba za simu kwa miaka mitatu.

Wiki iliyofuata, Bw. Leander Tisdale mwenyewe alifika saa ya chakula na ukurasa ule mkononi.

"Dada, mama yangu anataka kujua aliyelipigania jina letu."

"Mwambie ni kazi yangu. Umeshakula?"

Urafiki wao ulianzia hapo.

Alistaafu mwaka 1984. Tadeusz alifariki 1998. Mwaka 2004 macho ya Bronia yalianza kuingia giza, na baadaye moyo ukachoka. Kila Alhamisi Bw. Tisdale alivuka kutoka Harlem kuja kumsomea gazeti, naye hakumhurumia: "Leander, hapo pana mkato. Pumua!"

Alhamisi, tarehe 15 Oktoba 2009, Halina akiwa jikoni anachemsha supu ya viazisukari, Bw. Tisdale alimsomea kama kawaida. Alipomwona ametulia mno, alilikosea jina moja kwa makusudi, akangoja. Hakurekebishwa. Akalisoma tena vizuri, akamaliza ukurasa mpaka chini, ndipo akamwita Halina.

Ameacha binti yake Halina na mumewe Roman. Wajukuu Kinga na Olgierd. Dada yake Walentyna. Na rafiki yake Leander Tisdale, ambaye leo yumo miongoni mwa waliolibeba jeneza.

Mungu ampe Bronia pumziko, na amani isiyokatizwa.