Bomba Lililopita Nyuma ya Migomba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kata, waheshimiwa wajumbe wa ushirika wa akina mama, fundi wetu Harkabahadur uliyejibanza nyuma ya nguzo, wageni waalikwa, nanyi majirani zangu wa Simaltar:

Mmenivika shada la maua ya manjano, mmenisifu mpaka masikio yamepata moto, na mmesema kwamba ninapostaafu uenyekiti wa kamati ya gesi naacha mitambo arobaini inayogeuza samadi na uchafu wa choo kuwa moto wa jikoni. Wa kwanza, mmesema, ni wa kwangu. Je, mngejua ulivyojengwa, mngenivika maua haya?

Nani hapa hakunisikia nikihubiri? Mlipokataa kuunganisha vyoo, mkisema wali wa moto huo utawanajisi, mimi, mwalimu mzima, mzaliwa wa ukoo wa makuhani, nilisimama hapa hapa nikawaambia moto husafisha kila kitu. Mzee Tularam akanitania, "Basi Mwalimu, tutakuja kula kwako tuone." Mlikuja, mkala, mkaamini, mkaenda kuunganisha.

Sasa sikieni. Siku Harka alipojenga kwangu aliniuliza, "Mwalimu, bomba la choo nilipitishe wapi?"

Nikamwambia, "Lizungushe nyuma ya migomba, liishie kwenye shimo lake huko, lisiingie mtamboni. Jikoni kwangu panapikwa wali wa kutolea miungu."

Akacheka. "Si jana tu ulituambia moto husafisha kila kitu?"

"Jana nilikuwa nafundisha," nikamjibu, nikamfunga mdomo kwa kiapo. Harka, toka huko nyuma ya nguzo. Kosa si lako.

Miaka saba imepita. Ninyi wenye nyati mmoja wa kufugwa kama mimi mnapika wali, dengu, hata uji wa kumlisha huyo nyati. Kwangu, kwa samadi peke yake bila choo, moto unafifia dengu hazijaiva. Na aliyelaumiwa ni nani? Ni mkwe wangu Sabitra, mke wa mwanangu, yule pale kwenye mkeka wa mwisho, anayekoroga samadi na maji kwa mikono yake kila alfajiri. Moto ukizimika anapanda msituni kutafuta kuni, kisha anapuliza moshi mpaka macho yanakuwa mekundu. Mke wangu humwambia mbele za watu, "Wenzako samadi inawatii. Wewe unaikoroga kivivu." Nami nipo barazani, nakunywa chai iliyochemshwa kwa kuni zake, kimya kama maji mtungini.

Juzi mke wangu alimwambia, "Labda mkono wako hauna baraka." Nilingoja Sabitra ajibu, walau kwa hasira. Akasema polepole, "Labda ni kweli, mama."

Ndugu zangu, sijawahi kuona haya kama siku ile. Mtu ameishuku mikono yake mwenyewe kwa sababu mimi niliona aibu ya choo nisione aibu ya uongo. Mke wangu naye hakujua. Lawama zake zote nilizizaa mimi. Nanyi mliokula kwangu nawaomba radhi, maana niliwapa ushahidi wa uongo juu ya jambo la kweli.

Kesho Harka ataliunganisha bomba. Kwa kuwa mimi ndiye niliyelipotosha, mtaro nitauchimba mimi, na wali wa kwanza nitaula mbele ya yeyote atakayekuja kutazama. Mzee Tularam, njoo na maneno yako.

Sabitra, mwanangu, mkono wako haujawahi kuwa na kasoro. Kila asubuhi, kabla ya kugusa samadi, umeinama kugusa miguu yangu, kama mkwe anavyopaswa. Kesho usiiname. Na shada hili nalivua. Sikuletei wewe, kwa maana lilisukwa kwa ajili ya uongo wangu. Lako watalisuka upya hawa waliokusikia ukitukanwa wakanyamaza pamoja nami.

Nawashukuru kwa kunisikiliza mpaka mwisho, ingawa sikustahili.