Mwalimu Mfaume na Mihuri Yake Miwili

Jambo hili sijamwambia mtu, hata mama: kitabu kimoja cha maktaba kimo kwenye begi langu tangu Februari, na Mwalimu Mfaume Huseni anakitafuta.

Mwalimu Mfaume anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, baada ya kutunza maktaba ya shule yetu hapa Kibiti kwa miaka thelathini na mmoja. Mkuu wa shule amenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa mimi, Zaitun, ni kiranja wa maktaba. Akasisitiza nisisahau kutaja kwamba mzee hajawahi kupoteza kitabu hata kimoja. Sentensi hiyo nimeiruka mara nne.

Alianza mwaka 1994 na kabati moja la riwaya chakavu za Kiingereza, zile za kubashiri mambo ya mbele. Mwingine angezitupa. Yeye aliandika nyuma ya kila jalada mwaka ambao hadithi inatokea, akaenda Ikwiriri kuchongesha mihuri miwili: IMEFIKA na BADO. Mwaka wa kitabu ukiingia, mwanafunzi mmoja anakisoma, anasimama mbele na kusimulia kwa Kiswahili, halafu tunabishana mpaka muhuri upigwe.

Kimoja kilisema tutakula vidonge badala ya chakula. Nasra wa Chumbi, ambaye kwao wanalima mpunga, akauliza hivyo vidonge vinaungwa na nazi au vinaliwa vikavu. BADO. Kingine kilidai wanyama wa porini watabaki kwenye picha tu. Abbasi wa Mloka akainuka na hasira zake: "Mwalimu, juzi tembo wamemaliza mahindi yetu yote! Piga BADO mbili!" Mwalimu Mfaume, ambaye hacheki ovyo, alicheka mpaka akavua miwani. Akapiga mbili.

Changu ni cha mwaka 2025. Kinasema kutakuwa na mashine inayojua swali lako kabla hujauliza. Nilitakiwa kusimama Machi. Mimi mbele za watu naona aibu, lakini si hilo tu. Nikiandika "baba" kwenye simu ya mama, simu yenyewe inamalizia: "anarudi lini". Basi imefika, au siyo? Mbona jibu haina? Nimewaza kwa Kiswahili, nimewaza kwa Kiingereza, sijui ni muhuri gani. Na sikutaka darasa zima limbishanie baba yangu, aliyeondoka na hajarudi. Nikakificha.

Juzi nilimkuta Mwalimu amepiga magoti, anamulika tochi chini ya kabati. "Nimezeeka, mjukuu wangu," akaniambia. "Nimekiweka mahali, nikasahau."

Nasikia ndara zake barazani. Siku zote mimi hufunika ninachoandika. Leo karatasi naiacha wazi, na kitabu kipo mezani, kando yake. Sasa naweza kuandika: Mwalimu Mfaume hajawahi kupoteza kitabu hata kimoja.

Ahsante kwa miaka yote. Mungu akupe afya na asubuhi ndefu za kusoma. Muhuri wa hiki unisaidie kuuchagua kabla hujakabidhi funguo. Na hukusahau kitu, Mwalimu. Kumbukumbu yako ni nzima.