Anayeshindwa Anakunywa Maji

Mwenyekiti wetu, wazazi na walezi wenzangu, na nyinyi watoto mliokaa kwa mkeka. Nimeambiwa leo ni zamu yangu. Nitasema, lakini mtu asinipigie makofi katikati, maana nikikatizwa nitaketi. Na wale mliocheka mkiniona naingia na mwiko ndani ya kikapu, chekeni sasa mmalize. Mwiko nitaueleza.

Mimi shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo nitaongea vile naongeanga nyumbani. Jina la mtu sitataja. Mwenye atajijua, ajijue akinyamaza.

Nilikuwa na mjukuu. Mama yake, binti yangu, aliolewa upya kule Lugari, na yule mume mpya hakutaka mtoto mgonjwa kwake. Akaniletea mtoto na mkoba wa nguo na karatasi za hospitali. Macho yalikuwa ya njano, tumbo limejaa, miguu kama ya kuku. Hapa kwa kikundi chetu sina haja ya kueleza sikoseli, huu ugonjwa wa damu wa watoto wetu, ni nini. Mnajua vile mtoto analia mifupa, unamshika mguu anasema ni mkono, unamshika mkono anasema ni mgongo. Mnajua na vile majirani wanasema. Mmoja aliniambia nisijichoshe, huyo ni wa kwenda. Aliniambia hivyo akinywa chai yangu. Nikamwambia amalize chai aende.

Daktari aliniagiza mambo mawili: mtoto asipigwe na baridi, na anywe maji mengi. Baridi niliiweza. Maji yakanishinda. Huyo mtoto alichukia maji. Unampa kikombe, unakikuta nyuma ya mlango na kimejaa. Niligombana naye mpaka sauti yangu ikakauka.

Sasa, kwa vile hakuweza kukimbia na wenzake, siku za soko alikuwa anakaa kwa kibanda cha video pale Khayega. Mnazijua zile sinema, mzungu anaongea na mtu wetu anaongea juu yake kwa Kiswahili. Akawa anarudi nyumbani na kichwa kimejaa nyota na mapanga ya mwanga. Lakini hakunisimulia ya sinema. Alitunga yake.

Alisema hivi. Huko juu kabisa kuna nyota yetu, na kuna nyota ya Mfalme wa Baridi. Katikati kuna daraja la mwanga, upana wake ni kama mkeka, na chini yake hakuna chini. Ukianguka unaanguka tu. Anayelinda daraja ni mwalimu mzee, aliyefundisha watoto wengi kutumia upanga. Mwanafunzi aliyempenda kuliko wote akaugua mifupa. Mwalimu akamwambia avumilie. Mfalme wa Baridi akamwambia, njoo kwangu, nitakupa mifupa ya chuma, haitauma milele. Mwanafunzi akavuka, akaenda. Sasa amerudi, ni adui, anataka kumtoa mwalimu wake kwa daraja ili baridi ipite.

Nikamuuliza, "Na unaniambia haya yote na kuna maharagwe ya kuchambua, kwa nini?"

"Kwa sababu mwalimu ni wewe, kukhu, nyanya yangu."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni yule alienda."

Ndugu zangu, nilichambua maharagwe na sikuyaona. Hilo neno "vumilia" nilikuwa nimemwambia asubuhi ile ile.

Upanga wake ulikuwa tochi. Alikata chupa ya soda, ile ya kijani, akaifunga kwa tochi na raba ya baiskeli. Ukiiwasha jioni inawaka kijani yote. Mimi hakunitengenezea kitu. Alinitolea huu mwiko ukutani. Nikasema huo ni wa ugali. Akasema huo ni upanga wa wazee.

Kupigana sikumdanganya kwamba sijui. Nikiwa msichana nilichunga ng'ombe za baba pamoja na kaka zangu, na fimbo tulichezeshana mpaka vidole vikavimba. Nikamfundisha kusimama. Nikamfundisha kuangalia bega la mtu, si mkono, maana mkono unadanganya. Mkeka tukautandaza uani, huo ndio daraja. Hakuna kukimbia, mguu hautoki kwa mkeka. Anayeguswa bega ameshindwa.

Na mimi nikaweka sheria yangu. Nilimwambia, "Kwa nyota yetu, anayeshindwa anakunywa maji. Kikombe kizima."

Akafikiri kidogo. "Hata mwalimu?"

"Hata mwalimu. Lakini mwalimu hatashindwa."

Na sikushindwa. Mimi sipeani ushindi bure, watoto wangu wote wanajua. Kila jioni kabla ya chakula tulisimama kwa mkeka. Yeye anakuja na ile tochi, anaongea kwa sauti nzito.

"Mzee, umezeeka. Nipishe nipite."

"Sikupishi. Hata miguu hujaosha. Nyota yetu haiingiwi na matope."

"Mimi nina mifupa ya chuma."

"Chuma inashika kutu. Haya, bega. Kunywa maji."

Alikunywa. Hakulia, hakutapika, kwa sababu alikuwa ameshindwa kwa haki. Anashindwa, anakunywa, anasema, "Tena." Kliniki daktari aliuliza siri yangu ni nini. Nikamwambia ni mwiko, akafikiri namchapa.

Siku moja alinishinda. Alihamisha tochi kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na mimi nikaangalia mkono badala ya bega, kosa lile lile nililomkataza. Akanigusa. Nikachota maji, nikanywa kikombe kizima mbele yake nikiwa nimesimama. Kesho yake hata wale wa bodaboda pale Khayega walikuwa wananiuliza, "Kukhu, tumesikia umenyweshwa maji." Sikucheka mbele yao. Nilichekea nyumbani.

Huo ulikuwa wakati mzuri wetu, na ulikuwa mrefu kuliko vile majirani walisema.

Halafu ikaja ile mvua. Akashikwa na malaria, na malaria ikaamsha ile ingine. Tukalazwa. Akaongezwa damu, akapata nafuu, kisha kifua kikashika. Anavuta pumzi unaisikia kama mtu anakokota gunia. Kitanda cha pili kulikuwa na msichana mdogo na mama yake, shida yao kama yetu. Mchana nilikuwa naenda nyumbani kufulia na kulisha kuku, nikirudi nawakuta hao watoto wawili wananong'ona. Sikuuliza.

Alasiri moja daktari akaniita pale dirishani. Alikuwa kijana mzuri, hakunizungusha. Alisema, "Mama, tunajaribu, lakini ujiandae."

Nikarudi kitandani. Mtoto akaniambia, "Kukhu, tucheze."

Tochi ilikuwa nyumbani, alikuwa na gazeti lililokunjwa. Mwiko nilikuwa nao, maana aliniagiza niulete. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Akainua lile gazeti polepole. Na mimi, ndugu zangu, nikaachilia bega langu. Nilimwachia. Gazeti likanigusa, nikasema, "Umeniweza." Nikachukua kikombe.

Akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu mzima, sembuse mtoto.

"Kukhu, weka hiyo kikombe chini."

"Nimeshindwa, nakunywa."

"Hukushindwa. Umenihurumia." Akavuta pumzi. "Daktari amekuambia nini pale dirishani?"

Mngejibu nini? Kuna watu walisema baadaye ningemdanganya. Lakini huyo alikuwa mwanafunzi wangu, nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe kuangalia bega, na bega langu alikuwa ameliona limeanguka.

Nikasema, "Amesema nijiandae."

Akalikunja lile gazeti upya. Kisha akasema, "Basi inua mwiko."

Nikauinua. Sikumwonea huruma. Alijaribu kuhamisha gazeti kwenda mkono wa kushoto, nikaona, nikamgusa bega. Akatabasamu kidogo hivi, akasema, "Leta maji." Nikamshikia kikombe. Akameza mafunda machache, mengine yakapita kidevuni.

Nikamuuliza, "Sasa yule mwanafunzi anaenda wapi?"

"Anarudi upande wa mwalimu. Lakini amechoka. Atalala hapo kwa daraja kwanza."

Alienda asubuhi, kabla chai ya wodi haijapita.

Tukamzika. Watu walikuja, wakaimba, wakala, wakaenda, vile inaendanga. Wale wazee wa kanisa walirudi kunipa pole, mmoja akaniambia amepumzika. Nikamfungia mlango. Mzee wa watu hakuwa amekosea kitu.

Sasa hapa ndipo nilianguka, na naomba msikilize. Sikulia. Jioni ya kwanza nikiwa peke yangu niliweka maji motoni, yakachemka, nikatia unga, nikanyoosha mkono ukutani kuchukua mwiko. Mkono ukakataa. Nikatoa sufuria, nikamwagia kuku. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Nikaacha kuweka maji. Na nyinyi mnajua kwetu, mtu asiyekula ugali, obusuma, hajala. Nilikula viazi vitamu, halafu parachichi, halafu chai kavu, halafu nikaona hata moto ni kazi bure. Maji pia nikaacha, isipokuwa nikinyeshewa. Siku moja nikaanguka njiani nikienda kwa chemchemi kuwachotea kuku maji, jirani akanibeba mgongoni kama mzigo wa miwa, ni yule yule wa chai. Sikumwambia asante. Kikundi hiki mliniita, mkatuma watu, nikawaambia mimi sina mtoto wa kliniki tena, nije kufanya nini?

Mkaja nyinyi. Mlikuja Jumamosi, akina mama, mkanikuta nimekaa mlangoni. Mmoja akaingia jikoni akatoka haraka, maana alikuta paka amelala kwa meko. Nanyi mlikuwa na yule mama wa kitanda cha pili, na msichana wake.

Huyo msichana hakunisalimia. Alisimama mbele yangu na gazeti limekunjwa.

"Wewe ndio mwalimu?"

"Nyumba hii haina mwalimu."

"Iko. Aliniambia. Ukienda nyumbani mchana alikuwa ananifundisha. Alisema asipokuwako, nimalize mimi."

Mama yake akamvuta nguo. "Wewe, nyamaza. Huoni kukhu ni mgonjwa?"

"Yeye pia ni mgonjwa," nikasema, "mwache."

Msichana akasema, "Chukua upanga yako."

Nilitaka kumfukuza. Hata nilisimama kwa ajili ya kumfukuza. Lakini miguu ikanipeleka jikoni, na nikautoa mwiko ukutani. Ulikuwa na utando wa buibui. Ulikuwa mzito, ndugu zangu, sikujua mti mdogo unaweza kuwa mzito hivyo. Nikatoka nao. Mtu akatandaza mkeka, sijui ni nani kati yenu.

Huyo mtoto akaniangalia bega. Si mkono, bega. Nikajua ni nani alimfundisha.

Akanigusa. Nikasema, "Tena." Akanigusa tena, na hiyo ya pili alihamisha gazeti kwenda mkono wa kushoto. Nasema mbele yenu wote: sikumwachia. Nilipigana na nguvu yote niliyokuwa nayo, na haikuwako.

Akaingia ndani, akachota maji kwa mtungi, akaniletea kikombe kimejaa mpaka yanamwagika.

"Anayeshindwa anakunywa maji."

Mama yake akajifunika uso kwa aibu. Mimi nikanywa. Nilikuwa sijui nina kiu. Nilipofika nusu nikaanza kulia, na maji nikaendelea kuyanywa hivyo hivyo na machozi. Msichana akangoja kikombe kiishe, akakichungulia kama kweli kimeisha. Kisha akaniambia, "Sikukuhurumia."

Nikamwambia, "Najua. Asante."

Mkawasha moto. Mkaweka maji, mkapima unga. Halafu wote mkakaa. Nikauliza ni nani anapika. Mama mmoja, mnamjua kwa mdomo wake, akasema, "Ugali wa nyumba hii unasongwa na mwenye nyumba. Sisi ni wageni, na tuna njaa." Nikasonga. Ulikuwa na madonge, na mliula wote bila kusema.

Sijapona vile watu wanasemanga nimepona. Jioni nikifika uani bado naona mahali mkeka ulikuwa. Lakini nakula. Nasonga ugali kila siku, hata wa mtu mmoja.

Asante zangu ni hizi. Daktari yule hakunizungusha, Mungu amweke. Jirani aliyenibeba, nimempelekea kuku, na chai yangu sasa anakunywa mpaka anachoka. Nyinyi akina mama mlikuja bila kuitwa na mkakataa kunipikia. Na mjukuu wangu alipokuwa anakufa alikuwa bado anafundisha mtu.

Na yale nataka mshike ni haya. Msiwaachie hawa watoto ushindi. Wapeni dawa, wapeni sweta, wapeni maji, lakini mkicheza nao chezeni kweli, na wakiuliza wajibiwe. Wameishi na maumivu tangu wazaliwe; huruma ya uongo wanaiona kwa bega. Na wewe mlezi ukianguka, kubali kushindwa na mtoto wa mwenzako. Ukishindwa, kunywa.

Nimemaliza. Huyo msichana ameketi pale nyuma, yule mwenye sweta nyekundu, anajifanya hanisikii. Amenishinda mara mbili na amewaambia watu wote wa kliniki. Tangu siku ile nimekula vizuri. Mkono umerudi.

Mtu amletee gazeti, mwiko wangu uko hapa kikapuni. Na kikombe kijazwe kabisa, kiwekwe hapo mahali sisi wawili tunakiona.